Tangazo Nililolibandika kwa Mkono Wangu

Sifa njema zote ni za Allah (S.W), Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Ndugu msomaji, haya ninayoyaandika nimeyabeba kifuani tangu mwaka 2020. Sikuyaandika mapema kwa sababu yananihusu mwenyewe, na mtu huona wepesi kuwaonya wengine kuliko kuionya nafsi yake.

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Nyumba za ibada hazikufungwa, hivyo sehemu kubwa ya jukumu la kuwalinda waumini ikabaki mikononi mwa kamati zetu. Kamati ya msikiti wetu, hapa Kariakoo, ilikutana baada ya swala ya Isha. Tuliazimia mazulia yakunjwe, kila mtu aje na msala wake, udhu uchukuliwe nyumbani, sunna ziswaliwe nyumbani, khutba ifupishwe, na mwenye homa au kikohozi aswali kwake. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa mlangoni.

Mimi, nikiwa katibu, nikaandika tangazo. Juu kabisa niliweka maana ya hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W) amekataza kuingia katika nchi iliyofikwa na tauni, na akawakataza waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Nikalibandika kwa mkono wangu kando ya mlango mkubwa. Miezi mitatu baadaye, mimi huyohuyo nilikuwa Ubungo nikitafuta nafasi katika basi la Lushoto.

Nieleze ilivyokuwa. Sisi tunaishi katika vyumba viwili vya nyumba ya Kiswahili, na ua tunachangia na wapangaji wengine wanne. Watoto wetu ni watatu. Mkubwa wakati huo alikuwa na miaka 11, na mdogo minne. Nje ya dirisha letu Kariakoo iliendelea kuwa Kariakoo. Mikokoteni ilipita, wamachinga waliita wateja, wauza malimao na tangawizi walipata soko wasilowahi kulipata. Wanangu waliyatazama hayo kupitia nondo za dirisha, kwa maana niliwakataza kutoka. Ramadhani ilikuja na ikaondoka. Siku ya Idi, tarehe 24 Mei, walivaa nguo mpya wakakaa kitandani, na mdogo akauliza kama Idi imekwisha.

Mke wangu ni Msambaa. Mama yake, mzee aliyekwisha kupita miaka 70, anaishi juu ya mji wa Lushoto, upande wa msitu wa Magamba, na ana ugonjwa wa pumu. Kila kipupwe kifua chake hubana. Mwaka ule, kila simu ilipolia usiku, mke wangu aliishika kwa mikono inayotetemeka. Mwanzoni mwa Juni aliniambia kwa upole kwamba hakuwa akitafuta matembezi. Alitaka kumwona mama yake naye akiwa hai, na watoto wapumue hewa isiyopita katika nondo.

Hapo nililifungua tena somo nililolisoma chuoni. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, na hakuandika kwa kusikia tu, kwani tauni ilimchukulia mabinti zake. Katika Fat-hul-Bari, sherehe yake ya Sahihi Bukhari, ameeleza hali tatu za mwenye kutoka. Wa kwanza ni anayetoka kwa kukimbia tu, bila haja nyingine. Huyo ndiye anayeguswa na katazo. Wa pili ni anayetoka kwa haja yake, wala kukimbia hakukumpitia moyoni; huyo hana lawama. Wa tatu ni mwenye haja ya kweli, lakini ndani ya haja hiyo amechanganya na nia ya kupata raha ya kuondoka mahali penye maradhi. Huyo ndiye wanazuoni waliyehitilafiana juu yake. Wapo pia wanaotofautisha tauni na maradhi mengine ya kuambukiza, lakini sikutaka kujificha nyuma ya tofauti hiyo, kwa kuwa tangazo langu halikuitofautisha.

Nilisoma ukurasa ule nikajiona katika fungu la tatu. Haja ilikuwapo: kuunga udugu na kumzuru mgonjwa. Lakini nikisema sikuwa na hamu ya kuikimbia Kariakoo, nitakuwa nimesema uongo.

Nilimwendea imamu wetu. Alinisikiliza, kisha akanijibu kwa maneno ambayo sijayasahau. Alisema, “Katibu, wewe unafikiria mlango wa kutokea tu. Hadithi ina milango miwili. Nani anaufikiria mlango wa kuingilia? Kule mnakokwenda kuna watu.” Akanikumbusha Sayyidna Umar (R.A), ambaye alifika Sargh akiwa safarini kwenda Sham, akasikia tauni imeingia huko, naye akarudi Madina pamoja na watu wake, japokuwa walikuwapo waliomlaumu kwamba anaikimbia kadari. Kisha akatupa masharti: tusiondoke mpaka ziishe wiki mbili bila kikohozi wala homa katika nyumba yetu, na tukifika tusilale chini ya paa moja na yule mzee kabla ya wiki mbili nyingine kupita.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 13 Juni. Ndani ya basi wengi walikuwa wamekwisha kuvua barakoa, kwani mjini maneno yalikuwa kwamba maradhi yameondoka. Tulipita Chalinze, Segera na Korogwe, na tulipofika Mombo basi likaiacha tambarare na kuanza kupanda. Barabara ya kwenda Soni imeukumbatia mlima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde na mto. Tulipishana na malori yanayoshuka na kabichi, karoti na viazi, mzigo ambao kabla ya alfajiri huwa umekwisha kushushwa sokoni kwetu. Nikawaza kwamba barabara ileile inayotuletea chakula ndiyo tunayoipandia sisi na pumzi zetu. Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal, na walipandia huko kuyakimbia joto na homa za pwani. Hatukuwa watu wa kwanza kuikimbilia baridi ile.

Shemeji yangu, anayefanya kazi Tanga, alituachia nyumba yake iliyo hatua kama thelathini kutoka kwa mama yao. Tulikuwa tumewafundisha watoto njia nzima: bibi anaamkiwa kwa mbali. Lakini mama mkwe alipotoka nje, amejifunga kanga na sweta juu yake, mdogo wetu alichomoka mkononi mwangu, akakimbia, akamshika magoti. Bibi akamwinamia. Nami nikapiga ukelele ambao majirani walitoka kuutazama. Mtoto alilia, akaachia. Mama mkwe alisimama, akanitazama bila neno, kisha akaingia ndani. Sijawahi kumwona mtu akifunga mlango polepole namna ile.

Wiki ya kwanza ilikuwa na neema nyingi, na kuikanusha itakuwa kukufuru. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye migomba, na watoto walistaajabu kuona moshi ukitoka vinywani mwao. Walivaa makoti ya mitumba tuliyoyanunua Kariakoo, wakala viazi vya moto na maharage mapya, wakang'oa karoti wenyewe na kuziosha mferejini. Siku moja tulitembea mpaka Irente, tukasimama juu ya genge na kuiona Mazinde chini kabisa, na tambarare ikienda hadi macho yasipofika. Binti yangu mkubwa aliuliza Dar es Salaam iko upande gani. Nilimwonyesha, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema hajawahi kufikiri kwamba dunia ina nafasi kiasi hiki.

Lakini jioni tulikaa uani kwa mama mkwe tukiwa tumeachana naye, kila upande na jiko lake la mkaa. Alizungumza na binti yake na wajukuu. Mimi alinijibu salamu tu. Kwa desturi ya kule, mkwe kukataa kulala nyumbani kwa mama mkwe ni neno zito, na mimi niliongezea ukelele juu yake. Nilijaribu kumweleza hadithi na masharti ya imamu. Alinisikiliza, akasema tu kwamba watu wa mjini wamesoma sana.

Jumamosi ya pili, tarehe 20 Juni, niliamka na homa na kikohozi kikavu. Nilikwenda zahanati, nikapimwa malaria, haikuonekana. Kipimo cha Korona hakikuwapo karibu, na mpaka leo sijui niliugua nini; huenda ilikuwa mafua ya baridi tu. Lakini sikuwa na ruhusa ya kuamini hivyo. Nilijitenga katika chumba cha nyuma, na mke wangu na watoto wakaacha kabisa kwenda uani kwa bibi. Usiku nilihesabu siku tangu mtoto alipomshika magoti, nikatega sikio upande wa nyumba ile, nikisikiliza kama pumu yake imebadilika. Ndugu msomaji, hesabu ile sitaki kuirudia.

Jumatatu tarehe 22 ilitangazwa kwamba Hija ya mwaka ule itakuwa ya watu wachache walioko tayari ndani ya Saudi Arabia, wala hapatakuwa na mahujaji kutoka nje. Kesho yake mama mkwe alikuja na bakuli la supu, akaliweka kizingitini, akarudi nyuma na kusimama chini ya mparachichi. Akaniita kupitia dirishani.

“Baba,” alisema, “nimesikia redioni. Kama Nyumba ya Allah yenyewe imewaambia wageni wasubiri, mimi ni nani nimkasirikie mkwe wangu kwa kukaa mbali? Kunywa supu, ipoe bado ina manufaa.”

Nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo alikuja kila jioni, akasimama chini ya mti uleule, tukazungumza mengi kuliko tuliyowahi kuzungumza katika miaka yote ya ndoa yangu.

Homa ilikwisha kwa siku nne, kikohozi kikabaki. Shule zilikuwa zinafunguliwa tarehe 29, na tiketi zetu zilikuwa za tarehe 27. Hapo ndipo hadithi niliyoibandika ilinigeukia. Nilipotoka Kariakoo nilikuwa katika jambo lenye hitilafu. Sasa nilikuwa mtu mwenye dalili anayetaka kupanda basi lililojaa waja wa Allah. Hapakuwa na hitilafu ya kujificha ndani yake. Tukaamua kubaki mpaka zitimie siku 14, na watoto wakakosa wiki ya kwanza ya masomo.

Alhamisi tarehe 25 nilipigiwa simu kwamba mhudumu wa msikiti wetu amefariki. Ni mzee aliyekuwa akifungua mlango kabla ya adhana ya alfajiri tangu mimi ni kijana, na ndiye aliyenishikia ngazi siku nilipobandika tangazo. Sikuuliza aliugua nini; siku zile swali hilo lilikuwa zito kuulizwa. Alizikwa Kisutu baada ya Alasiri. Ni kazi yangu kuandika jina la marehemu katika daftari letu, na jina lake liliandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Wakati watu wakirudi makaburini, kuna aliyesema kwamba katibu amewabandikia watu hadithi, kisha yeye amekimbilia milimani. Maneno hayo yalinifikia kabla sijarudi.

Tulirejea Jumamosi tarehe 4 Julai. Mama mkwe hakuugua, Alhamdulillah, na siku ya kuondoka wajukuu walimshika mikono. Kikao cha kamati kilichofuata niliomba nafasi. Ningeweza kuwasomea ukurasa wa Ibn Hajar na kuwatajia mafungu matatu, na wote wangekubali. Niliwaambia badala yake kwamba nilikuwa na haja ya kweli, na ndani yake palikuwa na hofu. Kwamba aliyesema nimekimbia hakusema uongo mtupu. Na kwamba namwomba Allah msamaha, nao pia nawaomba, kwa kuandika onyo bila kuwashirikisha uzito wake. Mzee mmoja alifuta macho. Aliyesema maneno yale alikuja kunipa mkono, tukakumbuka, tukagusana viwiko tu.

Usiku ule nilichukua kalamu, nikaenda kwenye tangazo, ambalo pembe zake zilikuwa zimeanza kuchanika. Chini ya maneno ya kwanza nikaongeza mafundisho ya hadithi nyingine sahihi, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W) amemkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa ngamia wazima. Nilikuwa nimeisoma chuoni na nikaifanyia mtihani. Maana yake niliijua Lushoto, chumba cha nyuma, nikisikiliza pumzi za mama wa watu.

Basi ndugu zangu, likizo zitakuja, na maradhi nayo Allah huyaleta apendapo. Tuwazuru wazee wetu, kwani kuunga udugu ni wajibu. Lakini kabla ya kufunga mizigo tuyatafakari yale maswali mawili ya imamu wetu: kwa nini natoka, na kule ninakoingia kuna nani. Allah amrehemu mhudumu wetu, awahifadhi wazee wetu, na atusamehe yale tuliyoyabandika ukutani kabla ya kuyaweka moyoni. Amin.