Kadi Iliyosingiziwa

Wenzangu wa kidato cha nne wanaoniita "Fundi" watastaajabu kusoma habari hii, maana ni habari ya ufundi wangu, nayo hainipendezi hata kidogo.

Kaka yangu mkubwa anakaa Morogoro. Ana chumba kimoja cha mbele, chenye bati juu, ambamo vijana huja kucheza gemu za mpira kwa malipo ya saa. Kompyuta yake kubwa aliinunua Dar es Salaam mwezi wa Mei mwaka jana, ikiwa imekwisha kutumika, kwa fedha ambazo mama alizikopa katika kikundi chake cha vikoba. Kwa kuogopa wezi huifungia katika kabati lenye kufuli, na skrini peke yake hukaa nje. Ndani yake mna kadi ya grafiki iitwayo GTX 1060. Kadi ya namna hiyo ilitoka mwaka 2016, si changa tena, lakini kwa gemu za mpira yatosha sana: ilikuwa ikitoa picha 60 kila sekunde, na mchezaji haoni mkwamo wo wote.

Niliporudi likizo ya Desemba nikamkuta kaka amenyong'onyea. Tangu Oktoba mashine imekuwa nzito. Asubuhi huanza vizuri, lakini ikikaribia saa nne vijana hupiga kelele, maana mpira unakatika-katika na mchezaji anafika golini kabla ya miguu yake. Wengine walikwisha kuhamia kwa jirani. Na marejesho ya mama ni kila Jumamosi.

"Haya, Fundi," akaniambia, "wewe umesoma. Itazame."

Nikaitazama. Kwanza nikasema ni virusi, nikasafisha. Havikuwa virusi. Nikasema draiva imepitwa na wakati, nikapakua mpya. Bando lote la kaka likaishia hapo, na mashine ikabaki vile vile. Nikapunguza ubora wa picha hata majani ya uwanja yakawa kama mkeka wa kijani, na saa nne ilipofika mkwamo ukarudi. Siku ya tatu, vijana wakiwa wamesimama nyuma yangu, kaka akaniuliza tena, nami nikaona haya kusema sijui. Nikasema, "Kaka, umeuziwa kadi ya bandia."

Jambo hilo sikulitunga. Ziko kadi kuukuu ambazo walaghai huzibadilisha programu ya ndani, zikajitangaza kuwa za toleo jipya. Lakini ipo programu ndogo isiyo na malipo, GPU-Z, ambayo hutambua nyingi za namna hiyo. Nilikuwa naijua. Sikuifungua. Nilikuwa nimekwisha kusema, na vijana wamekwisha kusikia.

Alfajiri yake kaka akaichomoa kadi, akaifunga katika kanga ya mama, akapanda treni ya Dar es Salaam. Aliyoyafanya huko nilisimuliwa baadaye: alimwita yule muuzaji mwizi mbele ya wateja. Yule bwana hakujibu neno. Aliichomeka kadi katika kompyuta iliyo wazi juu ya meza yake, akaiendesha gemu saa nzima. Haikukwama hata mara moja. Kaka akarudi usiku, akaweka kanga mezani, akalala bila kula.

Kulipokucha nikairudisha kadi mahali pake, na safari hii nikaifungua GPU-Z. Kadi ilikuwa halali. Nikaacha gemu ikienda, nikakaa natazama tarakimu kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Joto nyuzi 60, 70, 78. Lilipofika 83, mwendo wa kadi, uliokuwa umepita megahezi 1,700, ukaanza kushuka: 1,500, kisha 1,300. Upo mstari unaoeleza sababu ya kadi kujizuia. Ulisema ni joto. Basi kadi haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa ikijiokoa isiungue, kama mpagazi apunguzaye hatua jua likiwa kali.

Nikafungua mlango wa kabati nizime mashine, na hewa ya moto ikanipiga usoni kama ya tanuri la mikate.

Kabati lile ni la mbao nene, limeizunguka kompyuta pande zote, lina tundu moja tu la kupitishia nyaya. Aliyelichora, akasimama na seremala mpaka mwisho, ni mimi, likizo ya Juni. Katika ubaridi wa Juni halikudhuru kitu. Joto la Oktoba lilipoingia chini ya bati, hewa iliyotoka katika kadi ikawa haina pa kwenda, feni zikaivuta ile ile tena na tena.

Nilifikiri kuitoa mashine kimya kimya, niseme nimerekebisha kitu fulani. Nani angejua? Nikakaa kitambo nimeshika bisibisi. Kisha nikamwita kaka nikamwambia yote, ya kabati na ya ile programu. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza jambo moja tu: "Ulijua njia ya kuhakikisha kabla sijakwenda?"

"Nilijua."

Mashine tukaiweka juu ya meza, tukaifunga kwa mnyororo ukutani. Nikapangusa feni kwa brashi ya rangi. Vumbi lililotoka lilitosha kupandia mchicha. Mchana ule joto lilisimama nyuzi 74, picha zikarudi 60. Kazi yenyewe haikutimiza nusu saa.

Kaka akampigia simu muuzaji. Alipokwisha kuomba radhi akanipa simu, nami nikaomba yangu. Yule bwana akacheka kidogo, akaniuliza niko kidato gani.

Kabati sasa mama huwekea vyombo. Nauli ya treni, ya kwenda na kurudi, kaka huikata kidogo kidogo katika fedha yangu ya matumizi. Imebaki robo.