Mnorwei Aliyesimuliwa Lukole

Mwaka 1998 kambi ya wakimbizi ya Lukole, Tanzania, ilikuwa na watu wengi kuliko mji wetu wa Ngara. Wanyarwanda walikuwa wamerudishwa kwao Desemba 1996, wakabaki Warundi, wengi wao kutoka Muyinga, Ngozi na Kirundo. Mimi ni Mhangaza, na Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo nilipata kibarua kliniki: kupima watoto uzito na kuwatafsiria wageni. Siku hizo shirika la Norwegian People's Aid lilikuwa na shughuli za afya kambini, ndiyo maana Wanorwei hawakuwa watu wa kushangaza kwetu.

Jumapili ya tarehe 19 Aprili, Tegla Loroupe wa Kenya alikimbia marathoni ya Rotterdam kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Habari ilitufikia kwa redio, na Jumatatu asubuhi ndiyo ilikuwa gumzo la foleni. Binti wa Pokot Magharibi, mwembamba kama unyasi, amevunja rekodi ya dunia! Vijana walishangilia utadhani Loroupe ni Mrundi.

Mkunga mmoja wa Kinorwei alikuwa anaandika kadi. Aliposikia akauliza rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya nani. Hakuna aliyejua. Akacheka, akasema, "Ni ya Ingrid wetu! Ingrid Kristiansen. Mimi na yeye tumezaliwa mji mmoja, Trondheim." Akageuza kadi iliyoharibika, akaandika nyuma yake kwa penseli: 2:21:06, na chini yake 2:20:47. Sekunde 19. Ile ya juu iliwekwa London tarehe 21 Aprili 1985, na kwa miaka 13 hakuna mwanamke duniani aliyeigusa.

Akina mama wakataka kumjua huyo Ingrid. Mkunga akasimulia kwa Kiswahili chake cha kuunga, nami nikageuza kwa Kirundi, huku mtoto mmoja akining'inia kwenye mizani analia, tumemsahau.

Ingrid alizaliwa mwaka 1956, akaanza na michezo ya kuteleza kwenye theluji kabla ya kuhamia riadha. Theluji nayo ilitaka maelezo yake, ikatuchukua muda. Kwa miaka mingi alikuwa kwenye kivuli cha Mnorwei mwenzake, Grete Waitz, aliyeshinda marathoni ya New York mara tisa. Mapema mwaka 1983 alikimbia mbio za nyika za dunia akashindwa vibaya, asijue kinachomsibu. Kumbe alikuwa mjamzito! Hapo akina mama waliangua kicheko, maana hiyo habari haikuhitaji mkalimani. Mtoto alizaliwa Agosti mwaka huohuo. Januari 1984, mtoto akiwa na miezi mitano tu, Ingrid alishinda marathoni ya Houston.

"Ananyonyesha?" mama mmoja aliuliza. Hakuuliza muda wala medali.

Baada ya hapo ndipo alipopata makubwa. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, ambako marathoni ya wanawake ilikimbiwa kwa mara ya kwanza, alimaliza wa nne. Alishinda London mara nne. Mwaka 1986 alikuwa anashikilia kwa pamoja rekodi za dunia za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kabla yake. Mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Rome. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Mzee mmoja aliyemleta mjukuu wake hakupendezwa. Kambini wanaume walikuwa na msemo kwamba UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ndiye mume bora, kwa sababu ndiye aliyelisha na kuvika wake zao. Akasema haya ya wanawake kuacha watoto na kwenda mbio ni mafundisho yaleyale ya wazungu. Akajibiwa na mama aliyekuwa na pacha: "Mzee, mimi nimekimbia kutoka Muyinga hadi hapa, mmoja mgongoni na mwingine tumboni mwa kikoi. Mbona hukunikataza?" Foleni nzima ikavunjika mbavu, na mzee mwenyewe akacheka.

Nami nilicheka, lakini baadaye nilifikiri. Marathoni ni kilomita 42 na ushei. Mkimbizi wa Lukole hakuruhusiwa kupita kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Hata angekuwepo Ingrid mwingine kati yao, angekimbilia wapi?

Lukole ilifungwa mwaka 2008. Miaka minane baadaye, kwenye Olimpiki ya Rio, Loroupe yuleyule aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi, wanamichezo 10, watano kati yao wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Na Rio hiyohiyo, Francine Niyonsaba, aliyezaliwa Ruyigi mwaka 1993, mwaka ule Burundi ilipowaka moto wa vita, aliipatia nchi yake fedha ya mita 800. Ni Mrundi wa kwanza mwanamke kupata medali ya Olimpiki.

Wanaohesabu heshima za Ingrid huanza na rekodi, na rekodi zote zile zimeshavunjwa. Kwa maoni yangu, kubwa alilofanya ni lile la Houston. Hadi leo hapa kwetu msichana mwenye mbio akipata mtoto, mwalimu humfuta kwenye orodha, na wazazi husema basi. Walimu wa michezo wa Ngara na Biharamulo, msimfute. Mpeni muda ajifungue, anyonyeshe, kisha mwiteni tena uwanjani.