Kidole Ndani ya Glovu

Mwaka 1997, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa tumeshajaa kwenye geti la kiwanda cha minofu, Mwanza. Msimamizi alichagua vibarua kwa kuwanyooshea kidole. Ukichaguliwa, una hela ya leo. Kesho Mungu anajua. Kazi yangu ilikuwa kuchuna ngozi ya sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yakabaki kwetu.

Siku moja kisu kilinikata kidole cha shahada. Sikusema. Niliikaza glovu nikaendelea kuchuna huku damu ikinijaa ndani, kwa sababu aliyetolewa mezani alirudi nyumbani mikono mitupu, na mimi nilikuwa na mtoto wa miaka miwili. Mwenzangu wa upande wa kushoto alikuwa akiharisha tangu usiku. Naye alinyamaza. Baadaye nilifanya kazi ya ukaguzi wa ubora mpaka nikastaafu, na hadi leo moyo hunipasuka nikikumbuka tulivyokuwa wengi tuliokuwa tukificha.

Mwanzoni mwa 1998, kipindupindu kilichoandamana na mvua za El Niño kiliifanya Ulaya ikatae samaki wetu wabichi. Soko lilipofunguliwa katikati ya mwaka, kiwandani tulikuta vipimajoto, maji ya klorini ya kukanyaga mlangoni na madaftari ya kujaza kila saa. Vyote vilihitajika, siwezi kuvibeza. Ila daftari tulilijaza sisi wale wale, kwa hofu ile ile. Mwaka 1999 soko likafungwa tena, safari hii kwa ajili ya sumu ya kuvulia.

Kilichotubadilisha ni meneja mpya wa uzalishaji. Alitupatia mikataba, kisha akatangaza kwamba atakayesema anaumwa au amejikata atalipwa siku yake. Wenye kiwanda walilia gharama, ilhali shehena moja iliyokataliwa ingewagharimu zaidi ya posho zetu za miezi.

Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Ya pili vilevile. Siku ya tatu msichana mmoja alivua glovu mbele yetu sote, akaonyesha kidole. Samaki wote wa meza yake wakaondolewa, yeye akapelekwa kwa nesi.

Jioni tulijipanga nyuma yake kwenye dirisha la mhasibu, kimya, tukihesabu naye noti moja moja. Zilitimia.