Swali la 14

Wengi mlinicheka mliposikia kwamba mhandisi wa madaraja, mtu wa miaka 54, amerudi darasani kusoma sosholojia. Nilicheka pamoja nanyi. Shahada yangu ya kwanza niliipata hapa hapa Uingereza katika miaka ya 1990, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kupima: zege, nondo, mtikisiko wa daraja lori linapopita. Basi nilijiandikisha shahada ya uzamili ya jioni, upande wa mbinu za takwimu, kwa kiburi kidogo. Hesabu ninazo, nilijiambia. Watu watanishinda nini?

Hesabu kweli hazikunishinda. Kwamba ukitaka kupunguza kosa la sampuli kwa nusu ni lazima uhoji watu mara nne ya wale wa mwanzo, hilo kwangu halikuwa geni. Vijana walitokwa jasho mbele ya kompyuta, mimi nikinywa chai.

Yaliyonishinda ni maneno. Nilitunga dodoso la Kiswahili kuhusu fedha tunazotuma nyumbani, nikalijaribu kwa wazee wetu baada ya harusi moja. Swali la 3: "Una ndugu wangapi?" Mzee mmoja akaniuliza, "Wa tumbo moja, mwanangu, au ndugu?" Mwingine alianza kuhesabu, akafika 31, akaomba maji.

Mwalimu alitusomesha habari za W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1896 alianza kugonga milango katika kata ya saba ya Philadelphia, mpaka akakusanya habari za wakazi karibu 10,000. Kitabu chake, The Philadelphia Negro, kilitoka mwaka 1899. Hapakuwa na kompyuta. Alikwenda kwa miguu yake, akaketi, akauliza, akaandika. Nilijiuliza sana: alijuaje nani anamficha jambo?

Kisha tukapewa zoezi: kila mmoja ajaze dodoso lake mwenyewe, na mtu mmoja wa nyumbani alijaze pia, chumba mbalimbali. Mke wangu alikubali. Alikaa jikoni, mimi sebuleni.

Swali la 14 liliuliza: "Kwa kawaida unatuma kiasi gani nyumbani kwa mwezi?" Niliandika pauni 100. Kalamu haikusita. Ukweli ni 250, kwa sababu namsomesha mtoto wa marehemu kaka yangu Tanga, na sikuwahi kumwambia mama watoto. Nilikuwa najijazia karatasi yangu mwenyewe, kwa ajili ya utafiti wangu mwenyewe, na bado nikadanganya.

Nikachukua karatasi ya jikoni. Yeye aliandika 150. Mimi nilijua kwamba hatumi kitu.

Kazini kwetu makosa ni ya aina mbili. Yapo yanayoruka huku na huku. Ukipima mara nyingi, yanafutana. Lakini kipimo ambacho sifuri yake imekaa vibaya kitakupa kosa lile lile hata ukipima mara elfu. Nimewafundisha vijana jambo hili miaka 20. Usiku ule nilikaa na karatasi mbili mkononi, na kipimo kibovu kilikuwa mimi.

"Mama Salma," nikamwita, "hizi 150 zinakwenda wapi?"

"Kwa dada. Figo zinamsumbua tangu mwaka juzi." Akanitazama. "Na wewe, Baba Salma, 100 tu? Risiti zako nazikuta mfukoni kila nikifua."

Alijua muda wote. Hatukulala mapema, na si yote tuliyoambiana ni ya kuandikwa hapa. Fedha za matibabu ya shemeji sasa tunazituma pamoja. Ada za yule kijana bado tunazijadili.

Swali la 14 nimeliandika upya. Siulizi tena "kwa kawaida", maana kila mtu ana kawaida yake ya kuwaonyesha wageni. Nauliza: "Mara ya mwisho ulipotuma fedha, ilikuwa lini, kiasi gani, na kwa nani?" Kila mmoja hujibu peke yake, karatasi haina jina, na bahasha anaifunga mwenyewe.

Wale nitakaowapigia simu mwezi ujao, naomba mnikubalie. Ni dakika 20 tu. Majibu yako mkeo hatayaona, wala mumeo.