Saa Sita ya Amplifaya

Kitufe cha sauti cha amplifaya ya baba kilikuwa cha chuma, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, chenye mstari mmoja mweupe. Kikirudishwa chini kabisa, mstari ule ulielekea pale ambapo mshale wa saa ya ukutani huonyesha saa moja. Ndiyo maana nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, hatukuwa na habari ya "punguza" wala "ongeza." Tulitaja saa. Mama akiwa uani na sufuria zake aliita, "Baba Salimu, irudishe saa mbili!" Baba aliirudisha, akasubiri mama asahau, kisha akaisogeza tena taratibu.

Aliinunua Deira, Dubai, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika duka la vitu vilivyotumika. Wakati huo alikuwa fundi wa mitambo melini. Ilikuwa ya Kijapani, kilo kumi na nane, wati 100 kila upande kwa spika za omu 8. Ndani ya sanduku hilo moja mlikuwa na kazi mbili: kupokea sauti dhaifu kutoka kwenye deki ya kanda na kuirekebisha, kisha kuipa nguvu ya kusukuma spika. Bei yake ilikuwa mshahara wa miezi miwili. Mama alikuwa akisubiri mabati ya kumalizia paa la vyumba vya nyuma. Hadithi hiyo aliisimulia kila mvua iliponyesha, huku akipanga ndoo. "Mimi nilingoja mabati, nikaletewa sanduku."

Nilikua nikiwa upande wa mama. Kabla ya hapo tulikuwa na redio kaseti iliyotutosha. Ilikuwa ikipandishwa sana inakoroma, lakini nani alihitaji kuipandisha sana? Niliona baba amejinunulia ufahari. Jioni alikaa kwenye kiti chake cha ukili, akaweka kanda ya Black Star, taarabu ya Tanga yenye magita ya umeme, au ya Mbaraka Mwinshehe, na nyumba nzima ikawa lazima isikilize.

Nilipokuwa darasa la kwanza, kitufe kilikaa saa mbili. Darasa la saba kilikuwa saa nne. Kidato cha nne, saa tano. Kulikuwa pia na vitufe viwili vidogo, vya besi na trebo. Cha besi kilibaki katikati miaka yote. Cha trebo alikizungusha hadi mwisho, nasi tulilalamika kwamba matoazi yanatuchoma masikio. Haya yote niliyaona. Sikuwahi kuyaweka pamoja.

Mei 2018 nilikuwa nafanya mtihani wa kidato cha sita. Usiku mmoja, kesho yake nikiwa na karatasi ya Kiswahili, sauti ilipanda hadi saa sita. Nilitoka chumbani nikasimama mbele ya baba yangu, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia ni mbinafsi. Nilimwambia kwamba sanduku lile ameliweka mbele yetu tangu sijazaliwa. Alinitazama mdomo, si macho. Kisha akainuka, akazima swichi. Ndani ya amplifaya rilei iliachia, tak, na nyumba ikanyamaza. Tangu usiku ule, kila nilipokuwa nyumbani, hakuiwasha.

Nilifaulu. Nikaenda chuo Dar es Salaam, nikasoma isimu, nikamaliza shahada ya kwanza, na sasa nipo kwenye umahiri. Katika somo la fonetiki tulirekodi sauti zetu na kuzitazama kwenye kompyuta. Programu inachora picha ya kila sauti: chini masafa madogo, juu masafa makubwa. Irabu zinakaa chini, nene na nyeusi. Lakini /s/ iko juu, nguvu yake kubwa ikianzia karibu hezi 4,000 na kuendelea, nyembamba kama vumbi. /f/ ni hafifu zaidi. Mhadhiri alisema, kama jambo la pembeni tu, kwamba mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kelele hupoteza kwanza masafa ya hapo hapo, karibu na hezi 4,000. Husikia kwamba unaongea. Asichosikia ni konsonanti.

Niliacha kuandika. Nilimkumbuka mama akisema, "Kesho nitasafisha," na baba akiuliza kwa mshangao, "Unasafiri? Kwenda wapi?" Tulicheka hadi machozi. Likawa neno la nyumbani: kila siku ya usafi tulisema tunasafiri. Na baba alicheka pamoja nasi, bila kujua tunacheka nini.

Usiku ule nilisoma kuhusu vyumba vya mitambo vya meli. Kiwango kinachopendekezwa kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100, dakika kumi na tano tu. Kelele za mitambo ya meli hupita hapo, na zamu ya baba ilikuwa saa nne, mara mbili kwa siku. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa.

Nilimpigia mama, si baba, maana simu hakuwa akiipenda. Sasa nilielewa kwa nini. Kaka Salimu alimpeleka hospitali. Majibu yalikuja kwenye karatasi yenye mstari unaokwenda vizuri, kisha unatumbukia: desibeli 65 kwenye hezi 4,000, masikio yote mawili. Tulichanga, tukapata fedha za kifaa cha kusaidia kusikia cha sikio moja. Kwa la pili, baba mwenyewe ndiye aliyesema, "Uzeni lile sanduku."

Tatizo ni kwamba lilikuwa limeshaharibika. Ukiwasha, taa inawaka, lakini ile tak haiji. Likizo iliyopita nililipakia kwenye bajaji nikalipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, mzee aliyezoeana na baba. Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akanionyesha transfoma kubwa kama mkate wa mviringo, na mabawa ya alumini ya kupoza transista. Transista moja ya upande wa kulia ilikuwa imeungua kwa uzee. Rilei ilikuwa inakataa kushika ili umeme usiende kuchoma spika. "Haijafa," alisema. "Inajizuia."

Nilimuuliza kwa nini mtu anahitaji wati 100 sebuleni.

"Hahitaji," alisema. "Wati moja, na spika nzuri, chumba kinajaa. Nyingine ni akiba. Ngoma ikipigwa ghafla, sauti inaruka juu kwa nukta moja, na amplifaya ndogo haina pa kwenda. Inakata vichwa vya mawimbi. Hapo ndipo unasikia inakoroma." Aliangua kicheko kidogo. "Baba yako alikuja hapa na ile redio kaseti yenu, kabla hujazaliwa. Aliniuliza kama nina dawa ya mkoromo. Nilimwambia dawa ni nguvu. Akaenda akaitafuta."

Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kutoka upande wake. Kumbe alianza kupoteza usikivu mapema hivyo. Redio ile iliyotutosha sisi, yeye alilazimika kuipandisha hadi ikorome, na kwenye mkoromo alikuwa hasikii maneno.

Nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha fundi, nilipiga hesabu nyuma ya daftari. Sikio haliendi sawa na wati. Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli tatu. Ukiongeza mara kumi, unapata kumi, na hapo ndipo mtu husema sauti imeongezeka maradufu. Kutoka wati moja hadi mia ni desibeli ishirini. Basi. Mshahara wa miezi miwili, mabati ya mama, kilo kumi na nane kutoka Dubai, vyote vilimnunulia desibeli ishirini. Alichopoteza ni 65. Kukifidia kwa nguvu tupu kungetaka zaidi ya wati milioni tatu, yaani karibu sehemu moja ya saba ya uwezo wa kituo cha umeme cha Hale. Na hata angezipata, zingemmalizia masikio yaliyobaki, na yetu pia. Kifaa kidogo alichokuwa nacho nyuma ya sikio kilikuwa kinafanya kazi kwa betri ndogo kuliko kifungo cha shati, kwa sababu hakiongezi kila kitu. Kinaongeza zaidi kile kilichopotea.

Tuliirudisha sanduku nyumbani jioni. Mnunuzi alikuwa aje kesho yake. Fundi aliunganisha nyaya, akawasha, tukasubiri. Tak.

Baba alikaa kwenye kiti chake, kifaa kikiwa sikio la kushoto. Mimi nilirudisha trebo katikati, nikaweka kanda, kitufe saa mbili. Kabla wimbo haujaanza, akanyoosha mkono.

"Mama," aliniita, kwa kuwa nina jina la mama yake, "hii bado mbovu. Inafanya sssss."

Fundi alifungua mdomo, nami nikamgusa bega anyamaze.

"Ni kanda, baba," nilisema. "Kanda zote zinafanya hivyo. Zimefanya hivyo siku zote."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya mtaa wa mbali. Kisha gita likaingia, na sauti ya mwanamke, na baba akasikiliza kanda nzima ya upande wa kwanza bila kugusa kitufe. Ilipokwisha nilimwambia kwamba nilikosa adabu usiku ule wa mtihani, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Nilisema polepole, nikimtazama usoni.

"Mtihani si ulifaulu?"

"Nilifaulu, baba."

"Basi." Akageuza kanda.

Asubuhi nilimuuliza kama tusitishe biashara, tutafute fedha kwingine. Alikataa. Alisema sasa redio ndogo inamtosha, na kwamba mama naye ameingoja zamu yake ya kutosikilizishwa.

Mnunuzi alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye santuri alizoachiwa na babu yake na chumba kimoja cha kupanga. Alihesabu fedha, akainama kulinyanyua sanduku, akashtuka kwa uzito wake.

"Mzee, hii inafika mpaka wapi?" aliuliza, akionyesha kitufe.

Baba alisikia swali. Alitazama kile kitufe kwa muda.

"Mimi niliifikisha saa sita," alisema. "Wewe usiipitishe saa tatu."