Lenzi ya mtumba, Nakano

Mdogo wangu,

Leo nimeshinda Nakano, dakika chache kwa treni kutoka Shinjuku, hapa hapa Tokyo. Maduka ya kamera za mtumba kila kona, na chini ya makabati ya vioo kuna masanduku wanayoyaita "janku": lenzi zinazouzwa bila dhamana yoyote, upime mwenyewe.

Uliniagiza 70-200 ya kupigia harusi, ukasema hata isipokuwa ya Canon, poa tu. Basi nikaiona, f/2.8, ya kampuni nyingine, ya miaka ya 1990, kwa bei ambayo ilinishangaza. Nikaimulika kwa tochi ya simu, sikuona hata uzi mmoja wa ukungu, ule unaotuharibia lenzi Tanga. Nikaifunga kwenye Canon yako uliyonikabidhi. Fokasi ikashika, picha ya kwanza kwa f/2.8 ikatoka safi. Nikalifinya tundu hadi f/8, nikabonyeza: kamera ikaganda. Err 99! Nikachomoa betri, nikarudisha, nikajaribu tena, hali ni ile ile. Muuzaji, mzee mpole, akanionyesha kikaratasi nyuma ya mfuniko: ni ya kamera za filamu tu.

Kioo hakina kosa. Tangu Canon ilete mfumo wa EF mwaka 1987, kamera na lenzi huongea kwa umeme kupitia vile vipini vya dhahabu. Kampuni nyingine hazikufundishwa lugha hiyo, zilijifunza kwa kusikiliza. Kamera za dijitali zikaja na maneno mapya, na baadhi ya lenzi za zamani zikashindwa kuitika. Hazina pa kuingizia programu mpya.

Ndiyo maana siku hizi natafuta kwanza tundu la USB, bei baadaye. Tamron 28-75 f/2.8 G2 ya Sony, ya mwaka 2021, inalo ubavuni. Unachomeka waya kwenye kompyuta, unaisasisha. Sony ilitoa maelezo ya msingi ya mfumo wake wa E kwa watengenezaji wengine mwaka 2011, na upande huo lenzi za bei nafuu zimejaa. Mfumo mpya wa Canon, RF, ulitoka 2018, lakini ni 2024 ndipo Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi zao za RF kwa leseni, tena za kamera za sensa ndogo. Kwa hiyo usiharakishe kuuza EF zako. Kwa adapta zitavuka nawe hadi RF.

Ile 70-200 nimeiacha. Nimekuchukulia Super-Takumar 55mm f/1.8, ya skrubu, haina umeme hata chembe. Tundu kwa mkono, fokasi kwa mkono, na pete nyembamba ya chuma inatosha kuifunga kwenye Canon yako. Nimeizungusha tangu nilipopanda treni. Inateleza kama imepakwa mafuta jana.

Kesho narudi kutafuta 70-200 nyingine. Kamera yako nakwenda nayo, na safari hii naanzia f/8.

Kaka yako