Kivuli Kati ya Padoki

Baba yangu alikuwa saisi katika shamba moja kubwa upande wa Laikipia, nami nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya mabanda ya farasi. Kila farasi alikuwa na daftari lake: siku ya kuchongwa kwato, siku ya dawa ya minyoo, siku tumbo lilipomsokota na alivyotembezwa usiku kucha hadi akapona. Miti haikuwa na daftari. Ilikuwa mali ya yeyote mwenye panga na haja. Nguzo ya ua ikivunjika, mti ulikatwa. Kuni zikiisha, mti ulikatwa. Tawi likimwangusha mgeni kofia akiwa juu ya farasi, halikuiona chai ya saa nne.

Nimefanya kazi ya kutunza miti katika mashamba ya namna hiyo tangu ujana wangu, na mabadiliko makubwa niliyoyaona si ya vyombo, ingawa vyombo navyo vimebadilika. Tulianza kazi tukitazama juu, kwenye matawi. Siku hizi muda mwingi tunatazama chini.

Wakati wa utoto wangu, mti uliohesabika ni msaiprasi. Walowezi waliupanda safu kwa safu kukinga upepo, maana upepo wa kiangazi kwenye tambarare ile hupeperusha udongo na kuwafanya farasi wakose utulivu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini sisi watoto tulidhani umekuwepo tangu Mlima Kenya uwepo. Mwaka 1990 wakaingia vidukari wa saiprasi. Walikuwa wameshaonekana Malawi mwaka 1986, wakapanda kaskazini nchi baada ya nchi. Kidukari hunyonya utomvu wa vijitawi na kuacha umajimaji mtamu unaoota ukungu mweusi, na mti hukauka ukianzia ndani. Ua lililokuwa kijani likageuka kahawia vipande vipande, kisha lote. Baadaye wataalamu walileta nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari, na hali ikatulia, ila safu nyingi za zamani zilikuwa zimeshakufa zikiwa zimesimama kando ya padoki, zikingoja upepo uziangushe juu ya ua na juu ya wanyama.

Hapo ndipo nilipojifunza kushika pawa, yaani msumeno wa injini. Kazi ilikuwa nyingi, na yeyote aliyeweza kuangusha mti bila kuvunja ua aliitwa fundi. Misaiprasi ilipokwisha, wenye mashamba wakatutaka tupunguze na migunga, mitarakwa na mizeituni mwitu iliyobaki katikati ya malisho. Tulikata tawi hadi usawa wa shina, tukajisifu kwa jeraha laini, kisha tukalipaka lami, au oili chafu ya trekta pale ambapo lami haikupatikana. Ilionekana kazi safi. Kwa watu wa farasi ilikuwa na mantiki zaidi, kwa kuwa jeraha la farasi huoshwa, hupakwa dawa, hufungwa.

Elimu iliyovunja desturi hiyo ilitoka mbali. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa urefu ili aone kilichomo ndani ya majeraha. Alionyesha kwamba mti haujengi upya sehemu iliyooza. Huizungushia kuta na kuendelea kukua kwa nje, na uozo ukibaki umefungiwa mti huishi nao. Penye shina la kila tawi pana uvimbe kama ukosi wa shati, na humo ndimo ukuta unamojengwa. Ukikata hadi usawa wa shina umeuondoa ukosi wote. Lami haizuii uozo, na pengine hufungia unyevu ambao kuvu wanautaka. Kitabu chake, A New Tree Biology, kilitoka mwaka 1986. Huku kwetu habari hizo zilifika kwa mwendo wa punda, kupitia kwa wageni waliokuja na kamba na mikanda ya kupandia wakatushangaa tulivyokata.

Nilipomweleza baba kwamba siku hizi hatupaki kitu, alinitazama kwa muda.

"Yaani mti una kidonda, nawe unauacha hivyo hivyo?"

"Utajifunga wenyewe, baba."

"Basi na farasi wangu wajifunge wenyewe, nipumzike."

Hakukubali hadi alipostaafu, na sikumlaumu.

Lakini hata tulipojua kukata vizuri, miti ya katikati ya padoki iliendelea kufa. Tuliitwa kuondoa matawi makavu ya kileleni, tukapanda, tukakata mahali panapostahili, tukalipwa. Msimu uliofuata tuliitwa tena kwa mti ule ule. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ukavu wa kileleni ni taarifa inayotoka mizizini. Padoki yenye mti mmoja ina kivuli kimoja, na farasi wote husimama hapo tangu jua linapokuwa kali hadi alasiri. Farasi mzima ana uzito wa kilo 400 hadi 500, na uzito huo wote unabebwa na kwato nne ambazo kila moja haizidi upana wa sahani ndogo. Mizizi mingi inayonyonya maji iko katika sentimita 30 hadi 60 za juu za udongo. Basi kwato hushindilia mahali hapo hapo mti unapopumulia na kunywea. Mvua ikija, na Laikipia mvua yenyewe ni kati ya milimita 400 na 750 kwa mwaka, maji huteleza juu ya sakafu hiyo ngumu yakaenda zake mtaroni. Palipo na udongo mweusi ni vibaya zaidi, kwani kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono na kukata mizizi myembamba. Ongeza mkojo wa kila siku, na samadi ambayo vijana wa mabanda walipenda kuirundika kwenye shina wakidhani wanaulisha mti.

Kisha yako meno. Farasi aliyechoka kukaa bure hutafuna gome, na nyasi zikipungua hutafuna zaidi. Katika ukame wa 2009 niliona mashina yaliyoambuliwa kuzunguka pande zote hadi kimo cha shingo ya farasi. Mti wa namna hiyo humdanganya mwenye shamba, kwa kuwa maji bado yanapanda kupitia mbao na majani yanabaki kijani kwa miezi. Kinachokatika ni chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani. Mizizi inakufa njaa kwanza, halafu siku moja mwenye shamba anapiga simu kuuliza mbona mti umekauka ghafla.

Tangu hapo chombo changu cha kwanza shambani ni fimbo ya chuma isiyo nene kuliko kidole. Siku chache baada ya mvua naichomeka nje ya padoki, inazama bila shida. Naichomeka chini ya mti, inagota kabla ya kufika shubiri moja. Mwenye shamba akiishika mwenyewe na kuisukuma, sihitaji kueleza sana. Dawa yake haina maringo: ua wa nguzo na mbao unaozunguka mti, ikiwezekana hadi ukingo wa matawi, matandazo ya vipande vya mbao kimo cha vidole vinne hivi, yasiguse shina, na subira ya misimu kadhaa hadi wadudu wa udongo walegeze ardhi.

Subira ndiyo inayouzika kwa shida. Wenye farasi huniuliza mara moja: umemnyima mnyama kivuli, sasa akasimame wapi? Swali ni la haki, na jibu liko kwenye jua. Asubuhi kivuli huanguka magharibi ya mti, alasiri mashariki, yote nje ya ua. Saa sita mchana kivuli kinakuwa chini ya mti, ndani ya ua, na hapo hakuna ujanja: farasi arudi bandani.

Maji yana ugomvi wake. Mti uliochoka unataka kunyweshwa, na wenye mashamba wakisikia hivyo huacha mpira wa maji ukitiririka usiku kucha. Lakini matope karibu na mabanda ni mazalio ya visubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri na kueneza ule ugonjwa mkali wa farasi wa Afrika. Pundamilia huubeba bila kuugua, na Laikipia haina uhaba wa pundamilia. Daktari wa wanyama na mtunza miti wanaweza kukosana kwa sababu ya bomba moja. Tulikubaliana, baada ya mabishano, kunywesha mara chache lakini kwa wingi, asubuhi, ndani ya tuta la duara lililo mbali na shina, ili jioni ikifika juu pawe pamekauka.

Kuhusu sumu nitasema kidogo. Oleanda haistahili kuwa mahali popote farasi anapofikisha shingo, ingawa maua yake hupendwa langoni. Majani ya mparachichi nayo ni hatari kwa farasi, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa tunda lenyewe tunalila kila siku. Ua wa kayaba hauna sumu, ila miiba yake imechoma macho ya kutosha. Na matawi tuliyoyakata hayalali padokini hata usiku mmoja, kwani farasi atakayeyaona asubuhi hatauliza ni ya mti gani.

Jambo jipya zaidi pia limetoka ardhini. Kwenye udongo mweusi wa Laikipia kuna mgunga wenye vifundo ambamo sisimizi wa asili huishi, na sisimizi hao huulinda mti hata dhidi ya ndovu. Wameingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wanaowaua wenyeji na kuuacha mti bila askari. Utafiti ulioongozwa na Douglas Kamaru katika hifadhi ya Ol Pejeta, uliochapishwa mwaka 2024, ulifuata mkondo huo hadi kwa simba: ndovu wanavunja miti, uwanda unabaki wazi, simba anakosa pa kujificha kumvizia pundamilia, anageukia nyati. Wadudu hao husafiri na watu na mizigo yao, udongo wa miche ukiwemo. Kwa hiyo miche yangu sasa naiotesha shambani kwenyewe inapowezekana, na mfuko unaotoka mjini hufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kuvuka lango.

Miche hiyo hatuipandi tena katikati ya malisho. Vitabu vya Uingereza hukuonyesha upande mmoja wa kupata kivuli, na huko ni sahihi. Nanyuki iko juu ya ikweta: nusu ya mwaka jua la mchana liko kaskazini, nusu nyingine kusini. Kivuli cha kutegemewa hutokana na miti ya mashariki na magharibi, na tunaipanda nje ya ua, mbali kiasi cha shingo ya farasi kutofika. Mgunga unahitaji miaka mingi kabla ya kumfunika farasi mzima. Kwa sasa farasi wengi wanasimama chini ya neti ya kivuli iliyofungwa kwenye nguzo za chuma, na upepo wa Februari huipasua, na kila ikipasuka mwenye shamba hunitumia risiti ya neti mpya, sijui anataka nifanye nini nayo.